Mwandishi wenu kasogeza mbele muvi ya Dawn of the Dead

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote hapo gazetini. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, nina bucha maeneo ya Manzese na gazeti lenu nalisoma asubuhi kabla wateja hawajaanza kumiminika, naomba mnipe nafasi kidogo maana wiki iliyopita kwenye ukurasa wa burudani mwandishi wenu aliigusa ile muvi ya kutisha ya zamani, Dawn of the Dead, akaimaliza kwa mistari michache tu, kwamba ni damu mwanzo mwisho, haina stori, na wanaoisifia wanafuata mkumbo wa Wazungu. Kiukweli iliniuma. Sio kwamba muvi haina makosa, inayo na mengine ni makubwa, nitayasema hapa hapa, ila makosa aliyoyataja yeye siyo yenyewe na uzuri wake kaupita kama daladala linavyopita kituo ambacho hakina abiria.

Naomba nianze mbali kidogo ndo nitaeleweka. Hii muvi niliiona mara ya kwanza mwaka 1996, nina miaka 11, kwenye kibanda umiza kimoja hapa hapa mtaani, mabenchi ya mbao, bati juu, gunia mlangoni badala ya pazia, joto mpaka shati linaganda mgongoni. Mwenye kibanda alikuwa na deki moja na rundo la mikanda na wateja wake alikuwa anatujua vizuri. Watu kwenye muvi wakianza kuongea-ongea sisi tunapiga kelele sogeza mbele, sogeza mbele bwana, na yeye anasogeza kweli, picha inakimbia na mistari myeupe, mpaka aone mtu anapigwa risasi au anang'atwa ndo anaachia. Kwa hiyo muvi ya dakika 127 sisi tuliimaliza kwa nusu saa hivi. Tukatoka tumeona vichwa vinapasuka, mkono unang'olewa, utumbo unavutwa, tukaipa jina letu la Mazombi wa Supamaketi na stori ikaishia hapo. Mtu angeniuliza miaka yote iliyofuata ningemjibu maneno yale yale ya mwandishi wenu.

Mwaka juzi kijana wangu wa dukani akaniletea flashi ina muvi za zamani na hii ikiwemo. Nikaiangalia usiku peke yangu, mke kalala, sikusogeza hata sekunde. Nikakaa pale mpaka saa tisa usiku natafakari, kumbe sehemu zote zilizokuwa zinakimbia na mistari myeupe ndo muvi yenyewe!

Kwa ambao hawajaiona, ni kazi ya George A. Romero, Mmarekani, ya mwaka 1978. Miaka kumi nyuma yake, 1968, alishatoa ile ya kwanza ya rangi nyeusi na nyeupe, Night of the Living Dead, ambayo humo ndani neno zombi halitajwi kabisa. Hii ya pili wafu wameshaanza kuamka na kula watu, nchi inasambaratika, watu wanne wanatoroka na helikopta, Peter na Roger ambao ni askari, Stephen rubani, na Fran mchumba wake anayefanya kazi kwenye kituo cha TV na ana mimba. Wanatua juu ya paa la mall moja kubwa wanajificha humo. Hiyo mall ipo kweli, Monroeville, karibu na mji wa Pittsburgh, na walikuwa wanarekodi usiku maduka yakishafungwa, ilipofika msimu wa Krismasi wakasimama kwanza kwa sababu ya mapambo. Sisi watoto wa Manzese wakati ule mall hatuijui, tulikuwa tunabishana kwamba pale ni eapoti, wengine wanasema hospitali, na ngazi zile zinazotembea zenyewe ndo zilituchanganya kabisa.

Sasa tuje kwenye damu, maana ndo shutuma kubwa, na kwenye damu nadhani nina haki ya kusema kitu. Nimeanza kwenda machinjioni Vingunguti na marehemu baba yangu nikiwa kijana mdogo. Damu naijua inavyotoka na inavyokaa. Kisu kikipita shingoni kwa ng'ombe damu ya kwanza inatoka nyekundu ya kung'aa na povu, ukiikinga kwenye beseni dakika chache tu inaanza kuganda, inakuwa kama ini, na rangi inazama inakuwa nzito, na ile iliyorukia koti lako jeupe kesho yake ni kahawia. Wachaga wanaopika kisusio wanajua unavyotakiwa uiwahi na uikoroge. Damu ya kwenye hii muvi haipiti hatua yoyote kati ya hizo, inatoka imeiva kama tomato ya chipsi, inamwagika kama tomato ya chipsi, na saa nzima baadaye ukutani bado ni tomato ya chipsi ile ile. Na kosa lingine ambalo naona watu hawalisemi, mnyama akishakufa moyo umesimama, ukimkata hatoi damu ya kuruka, inachuruzika tu. Hawa mazombi ni maiti za tangu jana na juzi lakini wakipigwa risasi ya kichwa damu inaruka fresh kama ya mtu mzima wa afya. Na meno ya binadamu hayachani nyama mbichi kirahisi vile, ngozi inabisha jamani, mimi nina visu vya kunoa kila siku na bado inabisha, wao wanaibandua begani kama mtu anakata kipande cha mkate wa kumimina.

Aliyetengeneza hayo madonda anaitwa Tom Savini, na huyu mtu siyo kwamba alikuwa hajui, alikuwa mpiga picha wa jeshi la Marekani kwenye vita ya Vietnam, maiti za kweli alizipiga picha kwa macho yake. Yeye mwenyewe ameshasema damu ile ilikuwa inang'aa mno, hakuipenda, ila Romero aliona ni sawa kwa sababu alitaka ionekane kama kitabu cha katuni. Hata zile nyuso aliwapaka rangi ya kijivu halafu kwenye kamera nyingi zikatokea za bluu, mpaka unajiuliza hawa ni wafu au wametoka kuchora ukuta. Kwa hiyo kwenye hili niko upande wa mwandishi wenu, damu ya muvi hii kama damu ni dhaifu. Muvi ya Romero iliyofuata, Day of the Dead ya 1985, walitumia mpaka matumbo ya nguruwe ya kweli, friji ikawa imechomolewa umeme yakaoza, na waigizaji wakaigiza hivyo hivyo na harufu ile, na ukiiangalia unaona tofauti, kule kuna uzito. Mtu aliyewahi kufungua friji ya bucha baada ya umeme kukatika siku mbili ataelewa wale watu walipitia nini.

Lakini sasa sikia. Pamoja na tomato yote hiyo kuna sehemu damu inakufikia mpaka ndani, na kuna sehemu haikufikii hata kidogo, na rangi ni ile ile, dawa ni ile ile, mtengenezaji ni yule yule. Tofauti iko kwa anayetokwa na damu. Kama umeshakaa naye, unamjua, umemwona anacheka, basi hata tomato inageuka damu. Kama ni mtu kaletwa sasa hivi ili afe, hata umletee ndoo nzima ya Vingunguti haitasaidia. Hii ndo hoja yangu Mhariri na ndo maana nasema mtu akisogeza mbele ataona damu tu, kwa sababu kaondoa watu.

Chukua mwanzoni kabisa. Askari wanavamia jengo la maskini, watu weusi na watu wa Puerto Rico, ambao wamekatazwa kukaa na maiti zao ndani lakini hawataki kuzitoa. Kuna mke anatoka mbio anamkumbatia mume wake aliyeamka, anamwita, anafurahi kabisa, na mume anamng'ata bega halafu mkono. Kule kibandani tulishangilia. Nilivyoiona sasa, mtu mzima, nimezika baba, nimezika na mdogo wangu, sikuweza kushangilia. Yule mama hakuwa mjinga, alimwona mumewe. Na chini ya lile jengo watu wamewafungia wafu wao chumbani, wamewafunga kwenye shuka, kwa sababu hawakubali kwamba wameondoka. Sisi huku tuna misukule. Wangapi tumekua tunasikia fulani alizikwa na wiki tatu baadaye kaonekana shambani kwa mtu analima usiku, hasemi, hajui nduguze? Msukule haumi mtu, msukule unamwonea huruma, unalia, unatafuta wa kumrudisha. Na zombi wa asili kabisa wa Haiti alikuwa hivyo hivyo, mtumwa asiye na hiari, meno kaja kumwekea Romero. Humo humo kwenye muvi Peter anasema babu yake alikuwa mtu wa mambo hayo kule Trinidad, alikuwa anawaambia kuzimu kukijaa wafu watatembea juu ya ardhi. Kwa hiyo anayesema hizi ni hofu za Wazungu tunazifuata kwa mkumbo, mi naona hofu hii hapa Dar ilikuwepo kabla hata ya deki.

Halafu kuna Roger. Nimeshaiangalia sehemu ya Roger mara nne sasa. Wakati wanaleta malori kuziba milango ya mall yeye anaanza kupata raha, anacheka, anawachezea wale wafu kama mtoto, Peter anamwambia tulia, hatulii, anang'atwa. Sisi kwenye vibanda tulikuwa na sheria moja, steringi hafi. Na Roger kwa sura, kwa bunduki na kwa mbwembwe tulishamhesabu ndo steringi, kwa hiyo hata pale kibandani na mkanda unakimbia tulinyamaza alivyokufa. Ila hatukuona siku zenyewe za kufa kwake, maana zilisogezwa. Anasukumwa kwenye kitoroli, bado anachekacheka, kidonda kinanuka, kisha yuko kitandani anamwomba Peter asifanye chochote mpaka awe na uhakika kwamba anarudi, na anamwambia atajitahidi asirudi. Mtu anaahidi kwamba atajitahidi asirudi! Peter anakaa kwenye kiti na bunduki, anasubiri, kimya, shuka limemfunika mwenzake, halafu shuka linaanza kunyanyuka taratibu. Hapo hakuna utumbo, hakuna kichwa kupasuka mbele ya kamera, na ndo sehemu inayotisha kuliko zote kwa saa mbili zile. Nimeshakaa na mgonjwa wa kwetu usiku kama ule, unaangalia kifua kama kinapanda, na sidhani kama kuna muvi nyingine ya kutisha iliyonionesha kile kiti.

Baada ya Roger kuna kipande kirefu ambacho mwandishi wenu nadhani ndo anakiita hakina stori. Wamejenga ukuta wa uongo kuficha mlango wao, wamejaza vitu, TV, makochi, nguo za bei, bunduki, pesa za benki wanazibeba ingawa haziwafai kitu. Stephen anataka kumvalisha Fran pete, wana mishumaa na chakula, naye anakataa, anamwambia haitakuwa ya kweli. Tumbo linakua. TV inakuwa haioneshi kitu, wanaiacha imewaka tu. Fran anajipamba mbele ya kioo na bastola mkononi, uso kama yale masanamu ya dukani. Wafu nje wanasukuma vioo kutwa nzima wanataka kuingia, na mapema tu muvi imeshakwambia kwa nini, hawaji kwa ajili ya watu, wanakuja kwa mazoea, mahali hapa palikuwa muhimu maishani mwao. Mlimani City ilivyofunguliwa 2006 mi nilikwenda na jamaa zangu mara nyingi tu bila hata ya kununua kitu, tunazunguka, tunapanda, tunashuka, tunaangalia vioo, tunarudi. Nilivyoona wale wafu wanavyotembea kwenye ile mall sikuhitaji mtu anifafanulie.

Na Fran msimsahau. Mwanzoni wanaume wanamwacha peke yake bila silaha, karibu aliwe, halafu wanajadili mimba yake kama yeye hayupo wakati anasikia. Anawaambia anataka aulizwe, apewe bunduki, na afundishwe kurusha helikopta ili likimpata Stephen jambo wasife wote. Hapigi makelele ya kike ya kwenye muvi, na mwigizaji Gaylen Ross ndo alikataa kupiga hayo makelele. Udhaifu ni kwamba muvi ikishampa hiyo heshima inamsahau, nusu ya mwisho yuko juu huko ghorofani anasubiri wanaume wamalize mambo yao. Hapo Romero alikosea na ningetamani mwandishi wenu angelisema hilo badala ya kuhesabu vichwa.

Sasa kosa kubwa kuliko yote, wale waendesha pikipiki. Kundi kubwa linavamia mall mwishoni, na hapo muvi inakatika miguu. Wanawarushia wafu keki za krimu usoni, wanawamwagia maji ya gesi, wanacheza, na kuna mmoja katikati ya vita anakaa kwenye mashine ya kupima presha, anapima presha kweli, wafu wanamrarua na mkono unabaki kwenye mashine. Sasa tumekaa na watu wanne saa moja na nusu, tumemzika Roger, halafu unatuletea keki? Na ndo hapo damu ilipo nyingi kuliko mahali pengine popote, matumbo, mikono, miguu, na ndo hapo isipokuwa na thamani, kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya wale ninayemjua jina wala tabia. Savini mwenyewe yumo, kaigiza kama mmoja wa lile kundi, na nafikiri alifurahi kuonesha ufundi wake wote dakika za mwisho. Kuna na yule zombi wa mapema anayekatwa utosi na panga la helikopta, kabla hajakatwa unaona kabisa paji la uso limeongezwa urefu, kila mtu ukumbini anajua kitakachotokea.

Katika vurugu zile kinakuja kifo cha Stephen, ambaye naye tunamjua, anang'atwa kwenye lifti, na mlango unafunguka anatoka ameshageuka, anatembea mguu umepinda, anawaongoza wafu wenzake mpaka kwenye ule ukuta wa uongo, kwa sababu anakumbuka njia ya nyumbani. Hapo tomato ikawa damu tena! Uone sasa, dakika kumi tu za tofauti, nyama zinararuliwa ovyo huku moyo haustuki, halafu mtu mmoja anatoka kwenye lifti na unashika kichwa.

Mwisho wa muvi siupendi. Romero alikuwa amepanga Peter na Fran wafe, akabadilisha, na ukiangalia unauona mshono. Peter amekaa na bastola kichwani kabisa, ameamua, halafu ghafla anageuka, muziki unakuwa wa kishujaa, anapiga mateke na ngumi anapita katikati ya wafu mpaka kwenye helikopta. Kibandani tulisimama juu ya mabenchi, kweli, na furaha ile siikani, kuona mtu mweusi kama Ken Foree, aliyeigiza Peter, anatoka mzima kwenye muvi ya Wamarekani ilikuwa ni kitu, maana kwenye ile ya 1968 mwigizaji mweusi Duane Jones anasalimika usiku mzima na asubuhi wanampiga risasi watu waliokuja kuokoa. Sitaki afe. Nilichotaka ni anioneshe alichokiwaza pale amekaa, sekunde kumi tu za uso wake, badala ya ngumi.

Jambo moja la pembeni ila nalisema kwa nguvu. Kule Marekani hii muvi ilitoka bila cheti cha daraja kwa sababu wangeipa X, daraja la watu wazima tu, na matangazo yake yalisema chini ya miaka 17 haingii mtu. Mimi nilikuwa na 11, na kulikuwa na wadogo kuliko mimi kwenye lile benchi, kuna mwenzetu wa miaka saba alikuwa anakojoa kitandani mwezi mzima, mama yake anamchapa na hajui sababu. Sheria ya filamu tunayo tangu mwaka 1976. Wenye vibanda wa siku hizi, na wazazi mnaoacha simu na watoto, mtoto hana namna ya kusubiri mpaka Roger aongee, yeye anaona kichwa kinapasuka anaenda kulala nacho. Kwa watoto hii muvi sitaki hata waisikie.

Kwa mwandishi wenu nina ombi na swali. Ombi ni aiangalie tena, usiku, simu aiweke chumba kingine, asisogeze. Swali ni aliangalia ipi, maana zipo zaidi ya moja, kuna ya dakika 127 aliyoimaliza Romero mwenyewe, na kuna ya dakika 119 aliyoikata Dario Argento wa Italia kwa ajili ya nchi za huko Ulaya, inayokwenda haraka, muziki wa bendi ya Goblin umejazwa mwingi zaidi na mazungumzo mengi yamepunguzwa. Kama ni hiyo fupi basi nitamwelewa kidogo, na mimi niko tayari kumpa flashi yenye ile ndefu, aje tu dukani asubuhi kabla ya saa tatu.

Msomaji wenu,
Mwenye bucha, Manzese, Dar es Salaam